Mama Aliyeuambia Mtambo Usimame

Wiki iliyopita, kwenye yadi moja ya Nyasura, Bunda, nilimwona mama akichagua mtambo uliotumika, mmoja wa ile midogo ya kupakia mchanga yenye kijiko mbele. Yeye na mumewe walikuwa wameuza ng'ombe wao wote. Nafasi ya kukosea hawakuwa nayo.

Muuzaji akawasha wa njano, uliopakwa rangi upya, akauzungusha kwa mbwembwe. Mume akatabasamu. Mama akainua mkono.

"Nyanyua kijiko juu kabisa. Sasa zima."

"Mama, si uone kwanza unavyokimbia?" muuzaji akauliza.

"Mnadani ng'ombe tunawaangaliaga wakiwa wamesimama, baba. Ukimchapa fimbo, hata mgonjwa anatembea."

Injini ikanyamaza. Yadi nzima tukatazama juu. Polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia, kijiko kikaanza kushuka.

"Huyu amechoka, injini ikizimwa hawezi kujishikilia," mama akasema, akaelekea kwa mwingine uliojaa kutu. Nao ukanyanyua kijiko, ukazimwa. Tukangoja hadi shingo zikatuuma. Kijiko hakikutikisika.

Mama akaupapasa ubavuni kama ndama wake. Muuzaji akavua kofia.

Tangu siku hiyo, nikimsikia mheshimiwa akinguruma jukwaani, natamani yule mama aje amwambie: "Zima kwanza, tukuone."