Chupa Niliyoimimina Yote

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo, nikisikia kinu kwa jirani, naacha kula. Bibi yako amezoea, hata haulizi tena. Weye ndiye hujui. Jana nilikuona pale nje, kifuniko kwenye meno, chupa mukononi, unataka kumimina dawa yote ya kuosha motere ndani ya piki yako, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ulikasirika, ukasema babu anazeeka vibaya. Nilikusikia, masikio yangu bado mazima. Kaa hapa kwanza.

Wakati wa vita ya hapa Ituri nilikuwa na miaka kama thelathini, naendesha mashine ya kusaga unga huko mutaa wa Nyakasanza. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Muzee Udaga, mutu wa Mahagi, aliyejifunza motere tangu ujana wake kwenye mitumbwi ya Mahagi-Port. Mazutu, yale mafuta ya kuendesha motere, ya siku zile ilikuwa mbaya sana, kila mutu aliyeibeba njiani aliongeza maji yake. Basi Muzee anaacha bidon ya mazutu itulie siku nzima ili uchafu ukae chini, anachuja mazutu kwa kitambaa, halafu anatia dawa ya kuisafisha, kifuniko kimoja tu, na chupa anaifungia ndani ya sanduku. Mimi nilimuona kama mutu anayechezea wakati. Ujana, mwanangu, una macho lakini hauna kope.

Mwaka ule alikuwa amenunua motere nyingine ya kuzungusha mashine, nzee, ya mutu aliyekimbia muji. Ilikuwa inatoa moshi mweusi ajabu. Wamama waliokuja kusaga walinipa jina la Papa Moshi, na mimi jina lile liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Halafu Muzee akapata habari kwamba mudogo wake amekufa Mahagi. Siku ya kuondoka alinishika bega, akanambia nisiguse mafuta ya ndani ya ile motere, yale ya kulainisha vyuma. Alisema hajui imekula uchafu wa miaka mingapi, akirudi tutaifungua pamoja. Nikaitika ndiyo, Muzee. Ndiyo ya mudomo.

Kulikuwa na mama mumoja, Mama Josefu. Alifika kwa miguu kutoka upande wa Nizi na watoto watano, wanalala ndani ya jiko la jirani yangu. Mukubwa wao ndiye Josefu, kijana mukimya aliyekuwa anamaliza sekondari, anayesoma masomo kanisani kila dimanshi. Mali yao yote ilikuwa gunia moja la mahindi. Yule mama hakunicheka hata siku moja. Aliniuliza tu kwa upole kama ule moshi hauonekani mulimani, maana kule walikotoka moshi uliwaita watu wabaya. Neno lile liliniingia.

Hapa lazima uelewe kitu kimoja. Wakati ule hatukuwa tunatwanga. Kinu kinasikika mbali, kinasema katika nyumba hii kuna watu na wana chakula. Mashine nayo inapiga kelele, ndiyo, lakini kelele yake ni ya muji muzima, haionyeshi mulango wa mutu. Kwa hiyo risasi zikinyamaza kidogo, wamama wote wanakimbia kusaga, halafu wanajifungia na unga wao, kimya. Ile motere nzee ndiyo iliyotufichia chakula chetu.

Basi nikaenda soko, nikapata muchuuzi mwenye chupa ndogo za kijani, dawa ya kuosha motere kwa ndani. Akanihakikishia moshi utaisha. Kwenye karatasi ya chupa kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, na mimi niliyasoma. Tia robo ya chupa kwa motere ndogo. Iache izunguke dakika kumi bila kazi. Halafu mwaga mafuta yote, tia mapya. Nikajiambia, wakati wa vita nani anamwaga mafuta? Na kama robo inasafisha, chupa nzima itasafisha mara nne. Si ndivyo tunavyofanya na vidonge siye watu wa hapa? Homa ikizidi, mutu anameza vyote mara moja, anasema apone haraka. Nikamimina yote. Mafuta sikumwaga hata tone.

Wee, motere ikaimba! Moshi ukapungua, ukaisha kabisa. Wamama wakapiga vigelegele, jina la Papa Moshi likafa siku ile ile, na Mama Josefu akacheka, mara ya kwanza nimuone meno. Nikavimba kichwa. Nilikuwa nangoja tu Muzee arudi nimuonyeshe.

Kesho yake ikasikika kwamba watu wa bunduki wanarudi. Asubuhi mapema mustari ulifika mpaka barabarani. Tulisaga, tulisaga, na Mama Josefu akafika mbele. Alikuwa amelifungua gunia, amelinyanyua kwa mikono miwili, ndipo motere ikagonga mara tatu kama mutu anayepiga mulango, ikanyamaza. Nilivuta kamba ya kuiwasha mpaka viganja vikatoka damu. Haikuzunguka hata kidogo. Nilimuambia yule mama arudi kesho, nitakuwa nimetengeneza. Aliniamini, akafunga gunia lake. Kabla ya saa sita risasi zikaanza, tukajifungia siku tano.

Siku ya nne, muchana, nikasikia kinu.

Kilikuwa kinapigwa polepole, kama kimefunikwa na nguo ili kisilie. Nilijua ni jiko gani. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba tumbo la mutoto wake mudogo lilikataa punje za kuchemsha, alikuwa anamaliza nguvu, na mama akasema heri atwange kidogo tu, cha uji. Nilikaa chini nyuma ya ukuta wangu, naomba aache. Kikaacha. Nikasikia sauti za wanaume, wakachukua gunia, wakamuchukua na Josefu ili awabebee. Mama hakupiga kelele. Aliita jina la mutoto wake mara moja tu. Mwanangu, nilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Sikufungua mulango. Nakuambia vile ilivyokuwa.

Josefu hakurudi.

Muzee Udaga alirudi barabara ilipofunguka. Nilimueleza yote, akachukua funguo zake za kufungulia nati, akafungua motere. Akatoa kile kichujio cha chini kinachovuta mafuta. Kilikuwa kimezibwa na tope jeusi, zito, linanuka. Mafuta hayakuwa na pa kupita, chuma kikakula chuma. Akaliweka lile tope ndani ya kiganja changu, akanikunja vidole juu yake.

"Huu uchafu ulikuwa umelala," akasema. "Weye umeuamusha wote mara moja, na hukuufungulia mulango wa kutokea."

Angenipiga ingekuwa heri. Tulifanya kazi juma mbili kutafuta vyuma na kuifufua ile motere. Unga wa kwanza uliotoka, Muzee alijaza beseni, akanitwika, akanionyesha na kidevu jiko la jirani. Nilipiga magoti mbele ya yule mama, nikamuambia kila kitu: chupa, mafuta, katazo la Muzee. Halafu akauliza, "Ile chupa ilikuwa na maandishi?"

Nikasema, "Ilikuwa nayo, Mama."

"Na weye unajua kusoma?"

"Najua."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi sijui," akasema. "Josefu ndiye alikuwa ananisomea." Akachukua beseni, akaingia ndani kuwapikia wale waliobaki. Muchana ule mimi niliyejua kusoma nilitamani ardhi inimeze.

Sasa weye unaniuliza, babu, dawa ni mbaya? Hapana. Dawa ni nzuri, Muzee Udaga aliitumia mpaka kufa kwake, na motere zake zilizeeka zikiwa safi. Lakini chuja mafuta yako ya kuendeshea kwanza, maana dawa haiwezi kufanya kazi ya kitambaa. Pima kifuniko kama ulivyoandikiwa. Motere ya kununua kwa mutu, usiyoijua tumbo lake, ifungue kwanza uione. Ukiosha ndani, mwaga mafuta ya ndani hata kama roho inakuuma. Na mukubwa akikuambia ngoja, ngoja, kwa sababu asiyesikia la mukubwa huvunjika guu, na mara nyingine guu lile si lako, ni la mama ya mutu aliyesimama kwenye mustari na gunia lake. Hata uchafu wa roho za watu ni vile vile, ukiamushwa wote mara moja unaua, siye wa Ituri tuliona. Lakini hiyo tuiache leo.

Mungu akufungulie barabara, mwanangu, akupe mukono mwepesi kwa kupima na muzito kwa kumimina. Wote unaowabeba kwenye piki yako wafike kwao. Na weye mwenyewe uishi mpaka uzeeke vibaya kuliko mimi.

Haya, leta ile chupa. Unisomee, kwa sauti, neno kwa neno.