Isale Hairushiwi Dadu

Wiki tatu rafiki yangu hakunisemesha, na kosa lilikuwa langu, tena la kujitakia. Ana kigugumizi. Siku aliyosoma habari mbele ya mstari wa asubuhi, mimi nilirudi darasani nikapanda juu ya dawati, fagio ndiyo maikrofoni, nikamuigiza. Darasa lilikufa kwa kucheka. Yeye alikuwa mlangoni. Nilimwona, na bado nikamalizia, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshapanda, na kicheko kikipanda mimi sina breki.

Halafu tukasikia baba yake amehamishiwa Mbeya. Lori lingekuja Jumatatu.

Tangu likizo tulikuwa tumepanga kwamba Jumamosi hiyo mchana tucheze mchezo niliousoma kwenye simu ya shangazi. Mmoja anasimulia nchi ya majitu na wachawi, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, na wakitaka kufanya jambo gumu dadu ndiyo inasema. Unaanza na kwisha kwa kikao kimoja. Nilijua hatakuja. Akaja. Akampa bibi shikamoo, akakaa kwenye kigoda kando ya mdogo wangu wa darasa la nne, akamwambia, "Mwambie kaka yako nimekuja kwa ajili yako."

"Kaka, amekuja kwa ajili yangu," mdogo wangu akanitangazia, kama vile mimi niko Arusha.

Tulikuwa barazani kwa bibi, huku Uru, bibi mwenyewe anapukuchua maharage. Dadu ilikuwa moja tu, ya ludo, kona moja imetafunwa na mdogo wangu alipokuwa anaota meno. Rafiki yangu akawa mwindaji. Mdogo wangu akawa mchawi mwenye kuku wa moto. Mimi msimulizi nikawapa shida yao: mfongo umekauka, ule mfereji unaoleta maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, kwa sababu jitu limeshuka kutoka msituni likaukalia. Limekaa tu. Haliondoki.

Njiani wakakutana na mbuzi.

"Mbuzi," rafiki yangu akasema, "jitu liko wapi?"

Mimi hanisemeshi, lakini mbuzi anamsemesha! Mbuzi akamjibu kwa mdomo wangu, kwa heshima zote. Kuanzia hapo njia ikajaa. Akatokea mama wa ndizi, akatokea mlinzi wa daraja, halafu daraja lenyewe likaanza kulalamika mgongo.

"Kaka, hii njia ina watu kuliko soko la Mbuyuni," mdogo wangu akasema. "Na daraja nalo linaongea?"

"Leo linaongea."

Rafiki yangu aliinamisha uso kwenye mkono wa sweta. Sijui kama alicheka. Niliamua kwamba alicheka.

Wakafika kwa jitu. Mdogo wangu akamrusha kuku wake wa moto, dadu ikatoka moja, tukawa na kuku wa kuchoma. Ndipo mwindaji akasogea mbele. "Kwa nini umekalia maji?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Mdomo ukajiendea wenyewe: "Watu wa kijijini walinicheka ninavyoongea."

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye sufuria.

Bibi hakuinua hata kichwa. "Na huyo jitu, kuna aliyemwendea na isale?"

Kwetu ukimkosea mtu unamchumia isale, lile jani refu la mpakani mwa kihamba, unampelekea. Akishaletewa hana ujanja, ni kusamehe. Mimi nikajifanya mlinzi wa sheria. "Bibi, lazima arushe dadu. Nne kwenda juu."

"Dadu ya nini? Isale hairushiwi dadu. Ukiletewa umeletewa."

Rafiki yangu akasimama, akaenda mpakani, akarudi na jani la kweli. Akalishika kwa mikono miwili mbele yangu. Alipokwama kwenye maneno sitapaandika. Niliwahi kupaigiza, inatosha.

"Tulikucheka," akaliambia jitu. "Tulikuona umesimama mlangoni, na tukaendelea kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Tusamehe."

"Mlango gani?" mdogo wangu akauliza. "Si linaishi msituni?"

Bibi akamsogezea maharage ya kupukuchua.

Nikalipokea jani. Hapo jitu lilitakiwa kuinuka na maji yashuke, lakini ile sauti nene ya jitu iliniishia. Maneno yale yote yalikuwa yangu mimi. Yeye ndiye aliyeyatafuta, akayabeba kutoka mpakani mpaka barazani, wakati mwenye deni nimekaa kwenye mkeka nahesabu nne kwenda juu.

Nikasimama, nikaligeuza jani kuelekea kwake.

"Hii sasa siyo ya jitu. Ni mimi. Nilikuona mlangoni. Nisamehe."

Nilikuwa na utani mzuri wa kuongezea, wa fagio. Nikaumeza. Ulishuka vibaya kama ugali wa moto.

Akaokota dadu mkekani, akaitikisa kwenye ngumi.

"Ngoja kwanza," akasema, akinitazama mimi, siyo mbuzi, "nione kama napata nne."

"Isale hairushiwi!" bibi na mdogo wangu wakafoka kwa pamoja.

Akacheka. Akalichukua jani. "Haya, inuka basi wewe, watu wana kiu."

Jitu likainuka. Maji yalivyoshuka, mlio wake aliufanya mdogo wangu kwa mdomo, na tukalowa wote.

Jumatatu lori likaondoka. Dadu tuliitafuta chini ya mkeka, kwenye maharage, mpaka kwenye banda la ng'ombe, hatukuiona. Jumanne ikaingia meseji kwenye simu ya shangazi, kutoka namba ya mama wa rafiki yangu: "Nimerusha. Imetoka sita."

Nikamsomea bibi.

"Huyo mtoto hasikii," akasema. "Si nilimwambia hairushiwi?"