Mama Anatafsiri Kiflemi

Nilikuwa nimerudi nyumbani Ushirombo kutoka Geita, ninakopikia wachimbaji, pale padri wetu mzee alipotangaza baada ya misa kwamba alasiri ile kutakuwa na sinema ukumbini. Padri huyo ni Mbelgiji aliyeishi nasi tangu ujana wake, na Kisukuma anakijua kuliko watoto wangu. Sinema yenyewe, alisema, ni ya Kiflemi, lugha ya kwao, na inahusu mtoto wa kiume anayelelewa shambani enzi za zamani.

"Kila siku mnaniuliza kwetu kukoje," alisema. "Njooni muone."

Mama yangu alikuwa hajawahi kuangalia sinema. Njiani akaniuliza, "Kumbe Wazungu nao wanalima?"

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa maturubai, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na padri akasimama kando yake ili atutafsirie. Mama alikaa mbele kabisa na bakuli la michembe mapajani, akitafuna viazi vyake taratibu kama mtu aliyefika harusini mapema.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Tulimwona mtoto mwenye kaptura ya viraka na viatu vya mbao, akimfuata baba yake anayelima kwa farasi kwenye tope. Padri alitafsiri kila neno. Halafu mama wa yule mtoto akaanza kukanda unga wa mkate huku akiimba, na padri akanyamaza. Alilikodolea macho shuka, midomo ikiufuatisha wimbo. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Sinema haikumsubiri. Watu wakaanza kunong'ona, "Sasa wanasemaje?"

Mama akasimama na bakuli lake. "Anamwambia, usishike unga kwa mikono hiyo, umetoka zizini."

Ukumbi ukacheka. Baba wa mtoto akaingia akifoka. "Anauliza nani kaacha zizi wazi," mama akasema. Kisha wanaume wawili wakaanza kugombana mezani. "Hawa shida yao ni dume. Huyu wa masharubu aliliazima, kalirudisha limekonda."

Hapo padri akazinduka. Alicheka hadi akavua miwani. "Mama, wanabishania uchaguzi!"

"Msimu wa kulima?" Mama alishangaa kwelikweli. "Basi hawana akili."

Nilidhani paa litang'oka kwa vicheko. Padri akavuta kiti, akaketi. "Endelea wewe, mama. Ya kwako ni tamu zaidi."

Akaendelea hadi mwisho. Kwa maelezo yake, yule mtoto alipewa ndama wake mwenyewe, akamkatalia mjomba aliyetaka kumpeleka mjini. Ng'ombe walipovamia shamba, nusu ya ukumbi iliinuka ikipiga miluzi kuwarudisha. Mimi nililia kwa kucheka, nikajifuta kwa kanga ya jirani.

Kesho yake asubuhi padri akafika kwetu. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma, kisha akaomba kitu kilichotushangaza: akamue ng'ombe. Alisema hajakamua tangu aondoke nyumbani kwa baba yake.

Mama aliitazama mikono ya padri, akampa ndoo. Padri akachuchumaa kwa shida, magoti yakialika. Akavuta mara kadhaa, hakikutoka kitu. Ng'ombe akageuza shingo kumwangalia.

"Padri, hiyo si kamba ya kengele!" mama akamwambia. "Bana juu, kisha shusha vidole."

Alibana, akashusha. Maziwa yakagonga ndoo, tsii, tsii, na yule mzee akapiga ukelele wa furaha uliowatimua kuku wote uani.

"Kesho uje mapema," mama akamwambia. "Huyu hapendi kucheleweshwa."

Akaja. Akaja na siku zilizofuata, hata baada ya mimi kurudi Geita. Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa waumini wanaomhitaji padri asubuhi hawapotezi muda kwenda parokiani. Wanakuja moja kwa moja zizini kwetu, na yeye huwapokea akiwa amechuchumaa, bila kuachia chuchu.