Korongo la Mumbua

Kila mvua ilipoanza kunyesha, miguu ya Mumbua haikumtii. Ndivyo alivyofundishwa shuleni Machakos. Mwalimu wake alimgawia kila mtoto korongo lililochimbwa na maji, alitunze lisipanuke, na mvua iliponyesha darasa zima lilitolewa nje kupanga mawe, kwa kuwa njia ya maji huonekana maji yakipita. Mtoto ambaye korongo lake lilipanuka alichapwa palepale matopeni. Mumbua alichapwa mpaka akaupenda udongo, au akauogopa. Mwenyewe hakujua tofauti.

Mwaka 1974 alikuwa muuguzi Birmingham, akiishi na mumewe Cleopas katika nyumba ya kupanga mtaani Stechford. Nyuma palikuwa na bustani yenye mteremko, na maji ya paa yalikuwa yameichimba. Mumbua alilipangia korongo lile matofali mabovu. Kila mvua alitoka kuyatazama.

"Majirani wanauliza kama nimeoa mwendawazimu," Cleopas alimwambia.

"Udongo unaondoka, mzee."

"Uende. Ni wa baba yako?"

Kesho yake Cleopas aliyatupa matofali yote.

Jumamosi moja ya Novemba walikuja wageni, Wakenya wenzao. Mumbua alikuwa na kikohozi kibaya alichotoka nacho wodini. Alikuwa akimimina chai mvua ilipoanza kupiga dirisha. Mkono ukasita.

"Mtazameni," Cleopas akasema. "Sasa hivi atatoka."

Mumbua aliketi, akaikalia mikono yake. Mungu ni shahidi, alijaribu.

"Kimbia, mama," Cleopas akaendelea. "Mwalimu anakuja na fimbo."

Wageni walicheka. Mumbua akainuka, akatoka bila koti. Cleopas akamfungia mlango.

"Leo atajifunza kuacha."

Mumbua alipobisha hodi, walicheka tena. Halafu Onyango, mmoja wa wageni, akaongeza sauti ya redio, mazungumzo yakanoga, wakamsahau.

Mlango ulifunguliwa wageni walipokuwa wakiaga. Mumbua alikuwa ameketi ndani ya korongo, miguu ameikunja kulikinga, maji ya matope yakimpanda kiunoni. Matofali hayakuwepo, kwa hiyo alitumia mwili.

"Halijapanuka," alisema, meno yakigongana.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya Krismasi, katika wodi aliyokuwa akifanyia kazi. Bwana ampokee dada yetu, ampumzishe.

Siku ya mazishi ilinyesha. Mchungaji alikuwa bado anaomba udongo wa kaburi ulipoanza kuteremka, ukapita kati ya viatu vya waombolezaji. Charity, mdogo wake Mumbua, alipiga magoti akauzuia kwa viganja.

Cleopas alifungua mwavuli.

"Inuka, shemeji," akasema. "Watu wanakuangalia."