Siku Nilipomnyoa Kinyozi

Katika miaka ya thelathini nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, katika chumba cha kukaushia. Nilitoka kwetu, upande wa ziwa, nikiwa kijana ambaye kidevu chake kilikuwa bado kitupu. Ndevu zilipoota, ziliota kwa wingi na kwa ukaidi, na vumbi la chai likaingia humo likakaa. Nikijikuna jioni, vidole vilitoka na rangi ya kahawia.

Kinyozi wa laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba za wafanyakazi, alikuwa mtu wa kwetu pia, amenizidi umri, mpole, si mtu wa maneno mengi. Siku za kazi alipasua kuni za tanuri. Jumapili baada ya ibada alitoa kigoda nje ya nyumba yake, akanoa wembe wake wa kukunja kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa mlangoni, na watu wakaja mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu hadi kifuani. Watu walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Alijibu bila kucheka kwamba ni kweli, mkono wake haukujua kugeuka ukaja usoni pake. Ndugu yake mkubwa, aliyebaki nyumbani, ndiye aliyekuwa akimnyoa kila alipokwenda likizo. Hapo katikati aliziacha tu.

Mwaka mmoja mvua zilipoanza, alipata habari kwamba ndugu huyo amefariki. Aliondoka asubuhi ileile kwa miguu hadi Kapsoit, kutafuta lori la kumfikisha Kisumu. Wembe alikwenda nao.

Hatukujua atarudi lini. Baada ya majuma kadhaa laini nzima ilikuwa imeota manyoya. Mimi nilikuwa na shida zaidi, kwa sababu joto la chumba cha kukaushia lilinifanya nitoke vipele chini ya taya. Ndipo nikaenda mjini Kericho, kwenye duka la Mhindi, nikanunua kinyoleo cha aina mpya.

Kilikuwa na mpini mfupi wa chuma uliong'aa, na juu yake kichwa kinachofunguka kama mdomo wa ndege. Wembe ulitiwa humo. Haukuwa mrefu kuliko kidole gumba, na ulikuwa na makali upande mmoja tu. Upande wa pili ulikunjiwa kipande kinene cha chuma cha kushikia. Mhindi alinionyesha jinsi ya kuuingiza na kuutoa.

"Hii haiwezi kukata wewe," alisema. "Hata kama wewe nataka."

Nilijaribu Jumamosi mchana, nje ya nyumba, kioo kidogo nimekiegemeza ukutani. Nilikuwa na maji baridi na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilikishika kinyoleo kama mtu anayeshika panga, nikakandamiza. Kilikwaruza, kikakwama, kisha kikaruka na kunichana chini ya taya. Damu ilishuka hadi kwenye kola.

Jirani yangu, Mkipsigis aliyekuwa mlinzi wa ghala, alikuwa ameketi mlangoni kwake. Yeye hakunyoa. Alikuwa na kikoleo kidogo cha chuma, na kila alipopata nafasi alipapasa kidevu, akakamata unywele mmoja na kuung'oa. Alinitazama mpaka nikamaliza kufuta damu.

"Hiyo nywele, kesho itarudi?" aliuliza.

"Itarudi."

"Mimi nikitoa moja, inakaa siku mingi." Akang'oa nyingine. "Na damu hakuna."

Nilipaka shabu ya kukausha damu mahali pa kidonda, ikauma, na nikaenda kazini Jumatatu na ndevu upande mmoja wa uso. Nyapara alinitazama, akaendelea na safari yake.

Nilijifunza polepole. Maji yawe moto, na sabuni ikae usoni kidogo kabla ya kuanza. Mpini usikandamizwe, uzito wake wenyewe unatosha. Kazi yote iko katika kuuinua au kuushusha mpaka mahali fulani ambapo wembe unaacha kukwaruza na kuanza kukata, na hapo unasikia sauti ndogo kama ya mbuzi anayekula nyasi kavu. Ukiisikia hiyo sauti unafuata nywele zinakoelekea, mikato mifupi, basi. Vipele vilipungua. Jambo ambalo sikulitegemea ni baridi. Nikitoka alfajiri, ukungu wa bonde ulinigusa mashavu kama kitambaa kilichoroweshwa.

Kinyozi alirudi siku ya Jumamosi. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kama desturi yetu ya msiba, na nywele zimeanza kutokeza tena. Ndevu zilikuwa palepale. Nilimpa pole na chai. Alikunywa akiniangalia.

"Nani amekunyoa, omera?" Kwetu omera ni ndugu, na alikuwa akiniita hivyo tangu nilipofika.

"Mimi mwenyewe."

Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza kwenye mwanga kama alivyozoea, akapitisha kidole gumba chini ya sikio. "Hapa umeacha. Lete hicho kitu nikione."

Alikifungua na kukifunga mara nyingi. Alijaribu makali kwenye ukucha. Kisha akakipeleka kwenye shavu lake, na mkono ukasimama hewani. Akanirudishia.

"Ninyoe wewe."

"Sijawahi kumnyoa mtu mwingine," nikamwambia.

"Najua. Azima mkasi kwanza. Ndevu hizi zitaziba hicho kidude."

Niliazima mkasi kwa mke wa jirani aliyekuwa akishona. Nilipomaliza kuzipunguza, mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, ikichanganyika na mawe, kwa hiyo tukaingia ndani na kukaa karibu na mlango ulio wazi. Kelele ilikuwa kubwa na ilibidi niiname ili nimsikie.

"Kule nyumbani walitaka kuzitoa pamoja na nywele za kichwa," alisema. "Nikakataa."

Nilimpaka sabuni. Alifumba macho.

"Marehemu alikuwa akianza upande wa kushoto."

"Nianze huko?"

"Hapana. Anza unapotaka."

Nilianza upande wa kulia. Aliniambia nivute ngozi, nisihurumie ngozi, nifute wembe kila baada ya mikato miwili mitatu. Nilimkata mara moja karibu na mdomo. Hakutikisika. Sauti ya mawe ilipotulia nilikuwa nimefika kidevuni, na hapo nikaona kovu refu jeupe ambalo hakuna mtu katika laini aliyewahi kuliona.

"Hilo ni lake," alisema akiwa bado amefumba macho. "Siku yake ya kwanza kuninyoa. Nililia kama mtoto, naye akalia zaidi."

Midomo yake ilitabasamu kidogo chini ya povu, kisha ikatulia. Nilimaliza, nikamfuta uso kwa kitambaa, nikampa kioo. Alikitazama kwa muda. Uso ulikuwa mwembamba na mdogo kuliko nilivyodhani. Alisema kazi si mbaya, akatoka kwenda kutafuta kuni kavu.

Keshoye alitoa kigoda nje akawanyoa watu kwa wembe wake kama kawaida. Kinyoleo changu hakikufaa kwa vichwa, na wazee wengi hawakukiamini. Ila kila Jumamosi mchana alikuja kwangu na maji yake ya moto. Alinifundisha kunoa zile nyembe ndogo kwenye mkanda wake, nikizibana kwa kijiti kilichopasuliwa, zikadumu. Hatukumtaja tena ndugu yake.

Baadaye aliacha kazi ya kuni akafungua chumba cha kunyolea pale Kapsoit, kando ya maduka. Nilipita siku moja nikielekea Kisumu. Alikuwa na mteja kitini, mapovu yamemfika mkononi, na mashavu yake mwenyewe yalikuwa safi kabisa. Tulisalimiana, akanipa chai, na sikumuuliza ni nani anayemnyoa.