Mama hataki kusikia habari za filta

Leo nimeonekana mwongo nyumbani kwetu Karatu, na ushahidi niliubeba mwenyewe.

Mama yangu ni Mmasai wa Endulen. Nilipokwenda Zanzibar kujifunza kupiga mbizi alinipa shuka jekundu, nami nikalifunga kiunoni nikajirekodi chini ya maji.

Nikamwonyesha video ya kwanza. Shuka limekuwa la kijivu.

"Hili si lile nililokupa. Umeliuza?"

Nikamweleza kwamba ukizama, wekundu hupotea kabla ya rangi nyingine, ndiyo maana kamera huvalishwa filta, kioo chembamba cha rangi. Maji ya bluu yanataka filta nyekundu, ya kijani yanataka ya pinki.

Nikamwonyesha video ya pili, yenye filta nyekundu. Shuka linawaka.

Nikajua nimeshinda.

Kumbe ameichukua filta yenyewe begini mwangu, ameiweka jichoni, anamtazama mbuzi mweupe uani.

"Na mbuzi amekuwa mwekundu."

"Yeyo, mama yangu, hiyo ni ya majini tu."

"Basi hata shuka la kijivu lingekuwa jekundu."

Jamani, hapo ninyi mngejibu nini?

Akataka shuka lenyewe. Nikasema nimelisahau Zanzibar, kwenye kamba ya nguo.

"Kamba ya nani?"