Giaboksi ya Pili

Mke wangu alinipa taarifa tukiwa mezani, bila kupandisha sauti: safari ijayo ya kufuata mawese Rumonge atapanda basi, mimi niende na pikapu peke yangu.

"Mi nimechoka, Papa," alisema. "Ile kelele inanipasua kichwa. Nikifika soko ya Jabe sisikie hata mutu mwenye ananiuliza bei."

Niliumia. Tumefanya biashara ya mawese miaka kumi na tisa, yeye akiuza, mimi nikiendesha, na kwangu zile saa za kando ya ziwa ndizo zilikuwa ndoa yenyewe. Hatukuwa tukiongea, kweli. Ndani ya pikapu yangu mtu haongei. Ina gia nne tu, na kwenye barabara tambarare, ukiwa na haraka, injini hulia kama mashine ya kusaga mihogo. Nami nina haraka siku zote, hilo sikatai. Lakini nilikuwa nikimwona kwa pembe ya jicho, midomo ikimcheza, nikajua anapiga hesabu za madumu yake, na moyo wangu ulitulia.

Badala ya kumwambia hivyo, niligomba. Nilisema na aende na basi lake, tuone nani atamshushia madumu. Kesho yake asubuhi, bila kumwambia, nikaipeleka pikapu kwa fundi wangu wa mtaa wa Nyakabiga.

Fundi huyo, mtu wa Uvira, alisikiliza injini, akacheka. "Mzee, hii gari haigonjwe. Imekosa gia ya kupumuzikia." Alikuwa na giaboksi ndogo aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Inafungwa nyuma ya ile ya zamani, na ina mkono wake wenyewe, kando ya ule wa gia. Ukiuvuta, magurudumu yanakwenda mwendo uleule, injini inazunguka polepole. Hata petroli ingepungua, nayo siku hizi huipati bila foleni. Alinionya jambo moja tu: nisirudi nyuma giaboksi hiyo ikiwa imeingia, nitaivunja.

Siku nne alilala chini ya gari. Ilibidi aikate shafti inayopeleka nguvu nyuma, aifupishe na kuichomelea upya, kisha aipime mara tatu isije ikatetemeka. Nilikuwa nikizunguka juu yake nikiuliza imebaki nini, mpaka akatoa kichwa. "Mzee, we unaharakisha mupaka chuma?"

Nyumbani nikambembeleza mke wangu, kazi nisiyoijua. "Safari moja tu, Mama. Ikipiga kelele, nakupeleka kwenye basi mimi mwenyewe." Akapanda, akapakata mkoba wake, akaubana kwa mikono miwili kama alivyofanya siku zote.

Tulipoupita mtaa wa Kinindo na barabara ikafunguka, nilikanyaga mafuta, nikauvuta ule mkono wa pili. Injini ikashusha sauti. Nilifurahi kama mtoto. Nikageuka nimwone anavyoshangaa, kumbe amefumba macho, na midomo inacheza kama kawaida. Kwa mara ya kwanza nikasikia.

"Mungu wangu, umupunguzie haraka. Umukumbushe mu hii gari tuko watu wawili. Utufikishe."

Kumbe hazikuwa hesabu. Miaka kumi na tisa, kila safari, mtu huyu alikuwa akiomba afike salama, na mimi pembeni yake najiona dereva hodari. Kwanza nilikasirika, ndivyo nilivyo. Si angeniambia! Halafu nikakumbuka kwamba aliniambia, mwaka wetu wa kwanza, na zaidi ya mara moja, nami nikamjibu kwamba gari lina dereva mmoja. Mama yangu alizoea kusema sikio la kufa halisikii dawa, na kila aliposema alikuwa ananitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, hata lori la mchanga likatupita likipiga honi. Zamani nisingelivumilia. Mke wangu akafumbua macho, akautazama ule mkono mpya.

"Imeharibika?"

"Apana," nikamwambia. "Nimesikia."

Tulipita kijiji kizima kwa mwendo huohuo. Kisha akautoa mkoba mapajani, akauweka chini miguuni.